Sura ya 7: Umeme Hupotea Njiani

Umeme unapokatika ndani ya gari la kambi, betri ndiyo hushtakiwa kwanza. Taa zikififia usiku wa kwanza Amboseli, friji ikizima na nyama ikaharibika, pampu ya maji ikikwama, hukumu huwa imeshatolewa kabla ya kiti kinachofunika betri kuinuliwa: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Sura hii inaipinga hukumu hiyo. Nadai kwamba katika magari yanayolala porini kwa umeme wa volti 12, kasoro nyingi haziko kwenye betri wala kwenye paneli za sola. Ziko kwenye njia inayoupitisha umeme kutoka kimoja hadi kingine, yaani nyaya, viungio, fyuzi, swichi na ile sehemu ya chasisi ambapo waya wa hasi umefungwa kwa nati moja yenye kutu. Nadai pia kwamba hata betri iliyokufa kweli, mara nyingi imeuawa na njia hiyo hiyo. Tukilikubali dai hili, mpangilio wa kazi unabadilika: kupima kunatangulia, kununua kunafuata, na mara nyingi hakuna cha kununua isipokuwa mita chache za waya mnene.

Kaunti ya Kajiado inafaa sana kulichunguzia jambo hili. Barabara ya Namanga inapita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil hadi mpakani, na juu yake hupita magari ya kila aina ya kulala safarini: malori ya watalii wanaokata bara kwenda kusini, Land Cruiser zilizowekwa hema juu ya paa, na HiAce kutoka Japani ambazo viti vyake vimeng'olewa vikawekwa kitanda, friji na sinki. Upande wa pili wa kaunti, barabara ya Magadi inateremka kutoka Kiserian hadi kwenye joto la Bonde la Ufa. Kaunti hiyo hiyo ina kituo kikubwa cha umeme cha Isinya kinachopokea nyaya za kilovolti 400, na mitambo ya upepo ya Kipeto yenye uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, mbali na nyaya hizo kubwa, maboma mengi yanategemea paneli moja, betri moja na taa chache. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya moja kati ya tano nchini Kenya ilitumia sola kupata mwanga. Kwa hiyo ninayoyasema hapa kuhusu gari la kambi yanamhusu pia mwenye boma huko Mashuuru, mwenye kibanda cha kuchaji simu, na mkazi wa Kitengela aliyeweka inveta na betri ili stima ikipotea asikae gizani. Mfumo ni ule ule, tofauti ni kwamba mmoja una magurudumu.

Hoja yangu inaanzia kwenye hesabu moja ambayo mafundi wengi hawakufundishwa, kwa sababu walijifunza kazi kwenye nyumba za volti 240. Chukua kifaa kinachotumia wati 60. Kwenye nyumba ya volti 240 kinavuta robo ampea tu. Kwenye gari la volti 12, kifaa chenye wati hizo hizo kinavuta ampea 5, yaani mara 20 zaidi. Upotevu wa nguvu ndani ya waya haukui sambamba na ampea, unakua kwa ampea zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mara 20 kwa mara 20 ni 400. Waya ule ule, wenye urefu ule ule, unaopoteza kiasi kisichoonekana nyumbani, utapoteza nguvu mara 400 zaidi ukifungwa ndani ya gari. Na kinachopotea kinatolewa kwenye akiba ndogo: volti 1 ikipotea kati ya 240 hakuna atakayejua, lakini volti 1 ikipotea kati ya 12, kifaa kimenyimwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya haki yake. Ndiyo maana waya wa milimita mraba 1.5, ambao fundi anautumia kwa usalama kabisa kwenye taa za nyumba, unakuwa kikwazo ndani ya gari. Fundi hakukosa ujuzi, ila ujuzi wake ni wa volti nyingine.

Tuifuate hesabu hiyo hadi kwenye friji. Tuseme betri iko nyuma ya kiti cha dereva na friji iko mlangoni kwa nyuma, umbali wa mita 6. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 12. Ukinzani wa shaba ni takriban omu 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wa milimita mraba 1. Waya wa 1.5 wenye urefu wa mita 12 una ukinzani wa karibu omu 0.14. Friji ikivuta ampea 5, volti 0.7 zinabaki njiani. Betri ikiwa na volti 12.2, yaani nusu ya chaji yake, friji inapokea 11.5. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta ampea nyingi zaidi kwa muda mfupi. Zikifika 10, zinazopotea ni volti 1.4, na friji inaona 10.8. Friji nyingi za safari zimewekewa kinga inayozizima volti zikishuka kiasi hicho ili betri isikauke kabisa. Friji inazima, taa nyekundu inawaka, na mwenye gari anasoma ujumbe wa betri dhaifu. Friji inaeleza kwa uaminifu kilichofika kwake, lakini haijui kilichopotea kabla ya kufika. Badilisha waya huo uwe wa milimita mraba 6, na upotevu kwa ampea 5 unashuka hadi volti 0.17. Betri ile ile iliyotangazwa kuwa maiti itaiendesha friji ile ile usiku kucha.

Kasoro ya njia huumiza hata zaidi upande wa kuchaji, kwa sababu hapo haionekani mara moja. Betri ya asidi ya aina ya kawaida ikiwa na joto la nyuzi 25 inahitaji kufikishwa kwenye volti 14.4 hivi ili ijae sawasawa. Alteneta ikitoa 14.2, na waya wa kwenda betri ya nyuma ukiwa wa milimita mraba 4 kwa njia ya mita 10 kwenda na kurudi, ampea 20 zitapoteza karibu volti 0.9 njiani. Betri ya nyuma itaona 13.3. Mtu anaweza kupinga hapa, na pingamizi lake ni la haki: betri inapoendelea kujaa huvuta ampea chache, upotevu nao unapungua, hivyo mwishowe volti zitapanda. Ni kweli, ila mwisho huo una saa nyingi, na safari haina saa hizo. Kutoka Kitengela hadi Namanga ni kama kilomita 130, mwendo wa saa mbili hivi. Sehemu ya mwisho ya kujaza betri ya asidi huchukua saa kadhaa hata pale nyaya zilipo nzuri. Kwa nyaya nyembamba, betri inafika mpakani ikiwa imelambishwa tu, inatumika usiku, kisha kesho yake inalambishwa tena. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana alteneta zinazoongozwa na kompyuta ili kupunguza mafuta: betri ya injini ikishajaa, volti zinashushwa makusudi, na betri ya nyuma inakosa hata kile kidogo. Gari la aina hiyo halitatibiwa kwa betri mpya. Linahitaji chaja inayokaa kati ya betri mbili na kuzipandisha volti hadi kiwango kinachotakiwa.

Sasa tunaweza kueleza kwa nini betri hufa. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, hutengeneza chembe za salfeti ya risasi kila inapotumika, na kuchaji huzirudisha chembe hizo kwenye hali yake ya mwanzo. Betri ikiachwa wiki baada ya wiki bila kujazwa kikamilifu, chembe hizo hukomaa na kuwa ngumu, nazo zikishakuwa ngumu hazirudi. Uwezo wa betri unapungua kidogo kidogo mpaka siku moja inashindwa kumaliza usiku. Mwenye gari anayenunua betri mpya na kuifunga kwenye waya ule ule wa milimita mraba 4 ameiweka betri hiyo kwenye foleni ya kifo kile kile. Itafanya kazi vizuri miezi michache, sifa zitaenda kwa betri mpya, na lawama zitarudi kwa mtengenezaji itakapoanza kuchoka. Hakuna aliyeuchunguza waya, kwa sababu waya haukuwahi kukatika, haukuwahi kuungua, wala haukuwahi kupata moto wa kushtua. Ulinyima tu.

Mazingira ya Kajiado huongeza uzito wa hoja hii. Barabara ya vumbi inayotoka Namanga kuingia Amboseli kupitia lango la Meshanani hulitikisa gari kwa namna ambayo hakuna nati isiyosikia. Kiungio kilichobanwa kwa koleo badala ya kifaa chake hulegea, waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe hufunguka, na kila kinacholegea huongeza ukinzani. Vumbi la kitanda cha ziwa Amboseli na la kando ya ziwa Magadi lina chumvichumvi za magadi, ambazo zikipata unyevu kidogo wa alfajiri hula alumini na kuchafua shaba. Joto nalo lina sehemu yake. Huko Magadi hewa hukaribia nyuzi 40, na kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa takriban nusu. Kontrola ya sola isiyo na kipimo cha joto itaendelea kusukuma volti 14.4 hata kwenye betri iliyopata joto, ilhali katika nyuzi 40 betri hiyo ingetaka 14.0 hivi. Ziada hiyo huchemsha maji ya betri, na hapo linakuja kosa jingine: kujazia kwa maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Kitengela na Kajiado yana chumvi, na chumvi ndani ya betri ni sumu. Ni maji yaliyotoneshwa peke yake yanayofaa. Yote haya ni ushahidi kwamba betri haifi kwa bahati mbaya. Huuawa na mambo yanayoweza kuonekana, kupimwa na kurekebishwa.

Kama kasoro iko njiani, basi itafutwe njiani, na kifaa cha kuitafutia ni multimita. Bei ya multimita ya kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya betri moja. Lakini kuwa na mita hakutoshi, kwa sababu mita inayotumiwa vibaya hudanganya kwa ujasiri. Kosa kubwa ni kupima kifaa kikiwa kimezimwa. Bila ampea kupita, hakuna volti zinazopotea: kiungio kibovu chenye ukinzani wa omu 0.1 kitaonyesha 12.6 upande huu na 12.6 upande ule, nawe utaondoka ukiwa na hakika kwamba njia ni safi. Pitisha ampea 10 kwenye kiungio hicho hicho, na volti 1 nzima inapotea, huku wati 10 za joto zikikusanyika mahali padogo kuliko ukucha. Ndiyo sababu tasta ya taa ndogo haitoshi kwa kazi hii. Taa yake inavuta umeme kidogo mno kiasi cha kutoamsha ugonjwa, nayo inawaka vizuri kwenye kiungio ambacho hakiwezi kuibeba friji. Kanuni ya kwanza ya utafutaji ni hiyo: pima wakati mzigo unafanya kazi. Washa friji, washa pampu, washa taa zote, kisha ndipo uweke ncha za mita.

Vipimo vyenyewe vina mpangilio, na mpangilio huo ndio unaotoa hukumu ya haki. Kwanza, pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika: 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, 11.9 ni karibu na utupu. Pili, pima kwenye vichwa vya betri yenyewe mzigo ukiwa umewashwa. Tatu, pima kwenye kifaa, mzigo ukiwa bado umewashwa. Betri ikibaki imara na kifaa kikapokea kidogo, kasoro iko kati yao, na betri haina hatia. Betri yenyewe ikiporomoka mzigo unapowashwa ingawa ilikuwa imejaa, hapo ndipo inastahili kushukiwa. Kifaa kikipokea sufuri, tafuta fyuzi iliyokatika au waya uliochomoka. Ukishajua kwamba kasoro iko njiani, igawe njia vipande viwili: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye mguu chanya wa kifaa. Mita itakuonyesha moja kwa moja kilichopotea upande huo. Rudia kwa upande wa hasi. Usiuruke upande wa hasi. Watu huufuata waya mwekundu kwa bidii na kuusahau mweusi, ilhali umeme unaotoka lazima urudi, na mara nyingi unarudi kupitia chasisi iliyopakwa rangi, ikashika kutu, kisha ikafungwa nati juu ya rangi hiyo. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi, upime tena. Ni kama maji: tangi likijaa na bomba likabanwa, hakuna atakayeagiza bauza nyingine. Atatafuta pale bomba lilipobanwa.

Kuna upotevu mwingine ambao hautokani na ubovu wowote, nao huwachanganya wengi. Inveta iliyoachwa imewashwa bila kifaa chochote inaweza kuvuta takriban ampea 1 kwa kazi ya kukaa macho tu. Kwa siku moja hizo ni ampea-saa 24, karibu robo ya betri ya ampea-saa 100. Redio, kengele ya wizi na kifaa cha kulifuatilia gari vikivuta nusu ampea kwa pamoja, gari lililoegeshwa wiki nzima limepoteza ampea-saa 84 bila mtu kuingia ndani. Mwenye gari anarudi, anakuta betri tupu, anahukumu kama kawaida. Dawa ni kuzima kila kitu, kupitisha waya wa betri kwenye mita upande wa ampea, na kusoma kinachopita wakati hakuna kinachopaswa kupita. Kisha fyuzi zichomolewe moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Fyuzi inayoishusha namba ndiyo yenye mwizi.

Nimeyasema haya kwa nguvu, kwa hiyo ni lazima niyajibu yanayosemwa dhidi yangu. La kwanza ni kwamba betri hufa kweli, na kwamba nazitetea kupita kiasi. Nakubali kwamba hufa. Betri ya asidi iliyofanya kazi miaka kadhaa kwenye joto imechakaa, na hakuna waya mnene utakaoifufua. Lakini kukubali huko hakupunguzi hoja yangu, kunaiongezea sababu. Betri iliyochakaa inathibitishwa kwa kupimwa: ijazwe kikamilifu, ipumzishwe, ipewe mzigo unaojulikana, na ihesabiwe imedumu saa ngapi. Betri ya ampea-saa 100 iliyojaa ikipewa mzigo wa ampea 5 ikaporomoka chini ya saa tano, imekwisha, na inunuliwe nyingine bila majuto. Ninachokataa ni hukumu isiyo na kipimo. Aidha, anayethibitisha kwamba betri imekufa bado ana deni la swali la pili: nini kiliiua? Asipolijibu kabla ya kufunga mpya, amenunua muda tu.

La pili linasema kwamba enzi ya asidi imepita, na kwamba betri ya lithiamu inamaliza shida zote hizi. Lithiamu ya chuma na fosfeti ina sifa za kweli: ni nyepesi, inavumilia kutumiwa karibu yote, haidhuriki kwa kutojazwa kila siku, na inadumu mizunguko mingi zaidi. Hata hivyo haibadilishi ukinzani wa shaba. Waya uliokuwa ukipoteza volti 0.7 kwa ampea 5 utaendelea kupoteza 0.7. Tena lithiamu inaleta masharti yake. Inapokuwa tupu inaweza kumeza ampea nyingi kuliko asidi, na waya mnene ukiunganishwa moja kwa moja na alteneta unaweza kuifanya alteneta hiyo ipate joto la kuiunguza. Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa muda mrefu, hivyo mita ya volti haikuambii imebaki kiasi gani, na unahitaji mita ya kuhesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka. Ndani yake kuna kinga ya kielektroniki inayoikata ghafla ikihisi hatari, na anayeiona sufuri kwenye mita atadhani imekufa kumbe imejifunga tu. Kwa hiyo anayehamia lithiamu hapungukiwi na haja ya kupima. Anaongezewa.

La tatu ni la wanaoamini paneli. Jua la Kajiado ni kali, kaunti iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na paneli iliyolazwa juu ya paa haipotezi mengi kwa kutoinamishwa. Basi kwa nini tusiongeze paneli? Kuna wakati jibu ni kuongeza. Friji inayovuta ampea 5 na kufanya kazi nusu ya siku inakula ampea-saa 60, na betri ya asidi ya 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu. Hapo hakuna kilichoharibika, matumizi yamezidi mapato, na ni hesabu inayosema hivyo. Lakini kabla ya kuongeza, tazama zilizopo zinatoa nini. Paneli iliyofikia nyuzi 65 juu ya bati hupoteza takriban asilimia 16 ya uwezo wake kwa sababu ya joto. Inatakiwa kuachiwa nafasi ya hewa chini yake. Kivuli cha tawi moja la mgunga kikiangukia sehemu ndogo ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, nasi hupenda kuegesha chini ya mgunga. Vumbi la safari ya siku mbili linafutwa kwa kitambaa. Na zile paneli mpya zikipitishia umeme wao kwenye waya ule ule mwembamba, zitazidisha ampea, na ampea zikizidi upotevu unazidi kwa mraba wake. Kuongeza chanzo bila kupanua njia ni kulipia joto la waya.

La nne ni zito zaidi kwa sababu linagusa watu. Fundi mzoefu, wanasema, hahitaji kupima. Ameona magari mengi, anajua. Ninaheshimu uzoefu wa mafundi wa Kitengela waliojaa kando ya barabara ya Namanga, na bila wao magari mengi yasingefika popote. Lakini uzoefu unajua kasoro ipi hutokea mara nyingi. Haujui ipi imetokea kwenye gari hili. Mita ndiyo inayounganisha mambo hayo mawili. Na tusimtupie fundi lawama yote, kwa sababu sisi wateja tumeupanga mfumo unaomsukuma kuuza betri. Fundi akitumia saa mbili akitambaa chini ya gari mpaka akaikuta nati moja yenye kutu, kisha akadai malipo ya saa hizo, tunalalamika kwamba ametutoza kwa kukaza nati. Akituuzia betri kwa dakika kumi, tunalipa bila neno kwa sababu tumeondoka na kitu kizito mkononi. Tunalipia bidhaa na kudharau uchunguzi, halafu tunashangaa kwamba uchunguzi haufanywi. Kadhalika na waya: tukililia bei, tutapewa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, unaopitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba halisi na kuvunjika upesi kwa mtikiso. Ukwangue kwa wembe kabla ya kuununua. Ukiwa mweupe ndani, uache dukani.

Hoja yangu ina mpaka ambao sitaki msomaji auvuke. Upande wa volti 12 mwenye gari anaweza kuupima mwenyewe kwa utulivu, mradi avue pete na saa ya chuma, na asivute sigara karibu na betri inayochajiwa kwa kuwa hutoa haidrojeni. Volti 12 hazitampiga mtu shoti ya kuua, lakini betri ikiguswa na spana kati ya vichwa vyake inaweza kumwaga mamia ya ampea na kuyeyusha chuma. Ndiyo maana fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, na ukubwa wake huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya inaoulinda. Fyuzi inayokatika kila mara inasema jambo, na anayeibadilisha kwa kubwa zaidi, au kuifunga kwa kipande cha waya, ameuambia moto uingie. Upande wa volti 240, unaotoka kwenye inveta, jenereta au soketi ya kambi, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu huo huua. Nchini Kenya mafundi wa umeme na wa sola husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na leseni za sola zina madaraja ya T1, T2 na T3. Kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake si kumtusi. Ni kumtambua.

Basi ombi langu kwa mwenye gari la kambi, na kwa kila anayeishi kwa betri na paneli, ni hili. Kabla ya kutoa pesa kwenye duka la betri, dai namba tatu: volti za betri ikiwa imepumzika, volti zake mzigo ukiwa umewashwa, na volti zinazofika kwenye kifaa kwa wakati huo huo. Ziandike kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, ili mwaka ujao uwe na cha kulinganisha. Fundi akikupatia namba hizo, mlipe kwa saa zake hata kama hakukuuzia chochote, kwa maana amekuokolea bei ya betri. Asipokuwa nazo, hana ushahidi, na asiye na ushahidi hana haki ya kuihukumu betri yako.